Uazime kipi kwanza? Vitabu ambavyo Waamu huniambia ni bora kuliko vyote

Duka langu ni la daftari, kalamu na majalada ya vitabu vya shule, upande wa Langoni hapa Amu (Lamu), hatua chache kutoka Usita wa Mui, barabara kuu ya mji. Juu ya kiti changu ipo rafu moja isiyouzwa. Hivyo ni vitabu vyangu mwenyewe, navyo huviazimisha bure kwa masharti mawili: usichukue zaidi ya viwili kwa mara moja, na siku ya kurudisha uniambie ni kitabu gani kilicho bora kuliko vyote ulivyowahi kusoma, hata kama sicho nilichokupa. Jibu naliandika katika daftari la kuazimisha, kando ya tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. (Msahafu siuhesabu. Nilipoanza, kila mtu alinijibu huo, nami nikaona haya kuupanga safu moja na riwaya.)

Daftari limejaa, na nimejifunza kulisoma. Watu husema uongo. Kijana akae na diwani miezi mitano, airudishe na kurasa bado zimegandana, kisha akuapie kwamba hajapata kusoma kitu kizuri kama hicho. Tarehe hazina haya wala adabu. Kitabu kilichorudi baada ya siku tatu na mwenyewe akakaa kwenye baraza langu kukisimulia, hicho kilisomwa. Kilichorudi mkononi mwa mdogo wake, hakikusomwa. Na kisichorudi kabisa, basi ama kimependwa ama kimeanguka majini wakati wa kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara.

Mwezi uliopita alikuja binti aliyemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo. "Ami, naambiwa una vyuo. Nipe viwili, lakini vilivyo bora."

Alisema vyuo, kama bibi yake angalisema zuo. Kwa wazee wetu chuo ni kitabu kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ndiyo maana mtoto hutiwa chuoni. Nikamuuliza: utasomea wapi, na utasoma na nani? Alidhani namtania. Lakini hilo ndilo swali la kwanza, maana vitabu vinavyotajwa katika daftari langu ni vya aina mbili. Vipo vya jicho, vya kujilaza navyo kwenye mkeka ukasahau kama mchana umekwisha. Na vipo vya sikio, ambavyo ukivisoma kimya peke yako utaviona vikavu, kumbe vinangoja sauti. Mtu akichukua cha sikio akakisoma kwa jicho, atanirudishia kabla ya Ijumaa na kuniambia mambo ya kale hayana ladha.

Siku Njema, Utengano na Rosa Mistika

Hivi ni vya jicho, tena vyote vitatu ni vyepesi kupatikana kuliko vingine nitakavyovitaja. Siku Njema na Utengano vilisomwa mashuleni Kenya kama vitabu vya mtihani, kwa hiyo nakala kuukuu zimejaa majumbani, zimepigiwa mistari na watoto wa watu.

Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996. Nimeinunua mara nne, na sasa hivi sinayo. Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga, mamaye mwimbaji wa taarabu, baba hamjui. Mama akifa, kijana anafunga safari ya kumtafuta baba huyo mpaka Kitale huko bara. Anasimulia mwenyewe, na Kiswahili chake kinatiririka. Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, alikuwa mtu wa magharibi ya Kenya, na hakuna Mwamu aliyenirudishia kitabu hiki bila kulisema hilo kwa wivu kidogo: mtu wa bara ametuandikia pwani yetu hivi! Kasoro yake ni kwamba bahati humwandama shujaa kupita kiasi. Kila akikwama, mtu mwema hutokea njiani. Ukiwa na miaka kumi na minane hutalijali hilo. Ukiwa na hamsini kama mimi utaguna, lakini utaendelea kusoma.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, haina huruma hiyo. Bwana Maksuudi ni tajiri, mheshimiwa mbele za watu, na nyumbani kwake amemfungia bintiye Maimuna asione hata jua la mlangoni. Msichana anatoroka, na ulimwengu anaoukimbilia hakuandaliwa nao. Hapa kwetu Amu kitabu hiki kina wasomaji wa namna yake. Mwanamke aliyelelewa katika nyumba ya mawe, chumba ndani ya chumba, hahitaji kuelezwa mambo ya utawa. Anaanza kuhesabu kuta tangu ukurasa wa kwanza. Katika daftari langu, wote waliokitaja Utengano kuwa bora kuliko vyote ni wanawake, isipokuwa mmoja, naye ni baba wa mabinti watano.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitangulia, mwaka 1971. Ni baba mwingine na binti mwingine, safari hii Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, katika familia ya Kikatoliki; jina lenyewe ni moja ya sifa za Bikira Maria. Zakaria ni mlevi na mkali, Rosa anakua hajui mwanamume ni kitu gani, na akienda masomoni hakuna tena wa kumshika. Tanzania iliwahi kukikataa mashuleni kwa sababu ya mambo yaliyomo, kisha baadaye kikaja kufundishwa. Watu hukiazima kwa sababu walisikia kilipigwa marufuku. Hilo si kosa, lakini wengi hukirudisha wakiwa wamenyamaza, kwani mwisho wake ni mzito.

Ukitaka kuchagua baina ya hivi viwili vya baba na binti, mimi nakupa Utengano. Kezilahabi ananiuma zaidi, ila namwona ana haraka ya kumwadhibu Rosa, kama hakimu anayetaka kufunga kesi kabla ya adhuhuri. Said Ahmed anakaa na Maimuna hata katika fedheha yake, na Kiswahili chake ni cha visiwani, kina chumvi tunayoijua. Msomaji wa bara pengine ataona kinyume, kwani Kezilahabi ni mwepesi wa lugha kuliko wote. Lakini usichukue vyote viwili kwa pamoja. Binti mmoja alifanya hivyo, akanirudishia akisema, "Ami, hakuna baba mwema katika vitabu vyako?" Nikamwambia amtafute yule wa Siku Njema. Ilikuwa hila yangu tu ya kumfanya asome.

Mwana Kupona na Al-Inkishafi

Hapa ndipo watu wa nje hukosea, na wenyeji pia. Vyote viwili vinahusiana na kisiwa cha Pate, vyote ni vya karne ya 19, vyote ni beti za mistari minne, na mara nyingi vikiuzwa hufungwa kama vijitabu vyembamba unavyoweza kuvimaliza baina ya alasiri na magharibi. Kwa hiyo mtu husema: nipe chochote katika hivi. La, si sawa kabisa.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani humo humo, aliyepigana na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa mwaka mzima, alimtungia utendi bintiye Mwana Hashima, msichana wa kama miaka kumi na saba. Miaka miwili hivi baadaye alifariki. Ni beti mia na chache, kila moja ina mistari mifupi ya mizani nane, na mstari wa mwisho wa kila ubeti unaishia kwa -ia tangu mwanzo hadi tamati. Ukisomwa kwa sauti, ile -ia hukusubiri kila ubeti kama mtu aliyesimama mlangoni.

Lugha ni Kiamu, lahaja yetu ya hapa, lakini Kiamu cha nyumbani. Mama anamwita bintiye aje na wino na karatasi, na neno analoanzia ubeti huo ni "Ndoo". Mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka bara aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kwa nini mgonjwa, kabla ya wino, anaagiza ndoo. Nikacheka mpaka nikaomba radhi. Kwetu ndoo ni njoo. Mama wa mtaa wa Mkomani humwita mwanawe hivyo hivyo leo hii. Kwa Mwamu, basi, utendi huu una ugumu wa robo tu. Kwa mgeni ni ugumu wa nusu, na maelezo ya maneno pembeni yanamtosha.

Kinachowagawa wasomaji wangu ni wosia wenyewe. Mwana Kupona anamwambia binti kwamba kiumbe anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Kisha anaingia katika mambo ya mume kwa urefu: asimjibu, asimnyime, amsinge, ampepee akilala. Wasichana wa siku hizi hukirudisha kwa hasira. Mmoja aliniandikia katika daftari, kwa mkono wake, "Bora kwa nani?" Nililiacha neno hilo pale, kwani ni swali zuri. Lakini soma tena pale anaposema mume atunzwe kama mtoto asiyejua kunena. Hilo si neno la mtu anayemwogopa mume. Mimi namsikia mama anayejua kwamba kesho hayupo, anampa bintiye silaha zilizopo ndani ya nyumba, maana nyingine hazikuwapo. Na wanawake wazima wakikisoma pamoja, hapo ndipo hucheka. Sijamwona mwanamume akicheka hapo.

Al-Inkishafi haina kicheko. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hasemi na mtu, anasema na moyo wake mwenyewe: mbona hushtuki, mbona huoni dunia inavyokuhadaa? Na akitaka ushahidi haendi kuutafuta mbali, anaonyesha Pate. Mji uliokuwa na taa na mabwana na vyombo vya kauri umekuwa magofu. "Nyumba zao mbake ziwele tame," yaani nyumba zilizong'aa sasa ni ukiwa mtupu. Popo wananing'inia juu, buibui wametanda vitandani, bundi anakoroma ndani, na katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kupangia sahani, wamelala makinda ya ndege.

Sasa wewe msomaji wa Amu, inua macho. Zidaka hizo unazo ukutani kwako, au kwa shangazi yako, au katika ile nyumba kuukuu inayotengenezwa kuwa ya wageni. Hiyo ndiyo nguvu ya Al-Inkishafi huku kwetu, na ndiyo sababu siwapi watu kabla hawajafika Pate. Ngoja maji yajae, panda mashua upite mkondo wa Mkanda, ukashuke ukatembee kwenye magofu. Utakuta watu wanalima tumbaku katikati ya kuta za majumba. Ukirudi, njoo ukichukue. Aliyekisoma kabla ya safari nilimwandikia miezi miwili na hakufika katikati. Alipokwenda mazishini Pate na kurudi, alikimaliza usiku mmoja, akaja asubuhi na macho mekundu.

Ni beti zisizofika themanini, chache kuliko za Mwana Kupona, lakini usidanganyike. Mistari ni mirefu zaidi, maneno ya Kiarabu ni mengi, na Kiamu chake ni kile ambacho hata bibi zetu husita. Mstari wa nne wa kila ubeti unaishia kwa -ye, na hiyo -ye si mlango uliofunguliwa kama ile -ia ya Mwana Kupona. Mimi huisikia kama tone la maji ndani ya birika tupu. Bila nakala yenye ufafanuzi, au mtu wa kukufafanulia, usikichukue. Nakala yangu imeliwa pembe na mchwa, na sitaki kuitoa kwa mtu wa kuipamba mezani. Maktaba iliyomo ndani ya Ngome ni mahali pengine pa kuulizia mashairi ya kale, ikiwa unaweza kukaa ukasoma papo hapo.

Kwa hiyo: una mama, bibi au shangazi wa kusoma naye? Mwana Kupona, bila kufikiri mara mbili. Umefiwa, au umerudi nyumbani baada ya miaka mingi ukakuta milango imefungwa? Al-Inkishafi. Uko peke yako, una haraka, unataka hadithi? Usichukue hata kimoja. Nenda kwa Walibora.

Sauti ya Dhiki na Peponi

Hivi siviweki pamoja kwa kuwa vinafanana, bali kwa kuwa wanaovitaja ni watu wa aina moja: waliowahi kuondoka.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969, akiwa na miaka ishirini na kitu, kwa ajili ya waraka alioupa jina la swali: Kenya: Twendapi? Alikaa jela miaka mitatu, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Kila nikiisimulia habari hii dukani, mtu huniambia naongeza chumvi. Siongezi hata chembe.

Ni kitabu cha sikio, na Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, si kigumu kwa Mwamu. Lakini kisisomwe kama riwaya. Shairi moja kwa siku linatosha. Anza na "Mamba", mnyama anayetamba mtoni akidhani kifo hakimjui, kisha mwulize aliye karibu nawe mamba huyo ni nani. Kila kizazi kina jibu lake. Wanaokirudisha baada ya siku mbili sijui walisoma nini.

Peponi ni cha jicho. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyehamia Uingereza miaka ya 1960, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipopata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 ndipo wengi wetu tukamsikia, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka uliofuata. (Ukilitaja jina hilo hapa Amu, hakikisha mwenzako anajua unazungumzia kitabu, si hoteli ya Shela.) Yusuf ana miaka kumi na miwili. Tajiri anayemwita ami huja kwao, hula, humpa kijisarafu, kisha siku moja anaondoka naye. Kumbe si ami. Baba ana deni, na mtoto ndiye rehani. Zinafuata safari za misafara kwenda bara, na nyuma yake kishindo cha Wajerumani kinakaribia.

Tangu nikisome, kila mtoto anayeingia dukani akaniita ami, najiuliza mara mbili kama babaye ananidai au mimi ninamdai.

Kisichovutia wengine ni kwamba Gurnah hakupi faraja. Ukitoka kwenye Siku Njema ukaingia Peponi moja kwa moja, utajihisi umedanganywa na mmoja wao. Lakini kwa mtu wa pwani ya biashara, ambaye babu yake aliacha makaratasi ya madeni sandukuni, sina riwaya ninayoipendekeza kwa nguvu zaidi. Tatizo ni kuipata. Yangu niliagiza kwa mtu aliyekuwa akitoka Dar es Salaam, na nauli ya ahsante ilizidi bei.

Kimebaki Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Wanaume waliovuka miaka sitini hukitaja kwanza, wakisimama wima. Nchi inayoelea angani, Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea siku sita kwa hadithi za wajumbe sita. Ni kifupi, ni kisafi, na lugha yake ni ya kunyooshewa mkono. Mimi hunichosha kidogo kwa kuwa kila mtu humo husema vizuri mno, hata mwongo. Lakini ukipenda kesi na hoja, wewe ni wa Karama.

Yule binti alichukua Siku Njema na Mwana Kupona, maana nyumbani anaishi na bibi yake. Siku ya kumi na mbili akarudisha Mwana Kupona. Nikachukua kalamu, nikamkumbusha sharti: kitabu bora kuliko vyote?

"Ami, bibi asema hiki sicho. Asema alicho nacho yeye kichwani ndicho bora. Hiki chako kina makosa."

Nikakifungua. Mahali sita, pembeni mwa beti, palikuwa na maneno ya kalamu ya risasi. Mwandiko ulikuwa wa binti, wa shule, umenyooka. Maneno hayakuwa yake. Nimekirudisha kwenye rafu kama kilivyo, na Siku Njema sikumuulizia.